Kicheko cha Kuazima

Wapo wanaoamini kwamba kila kilichopita na kikachekesha ni halali ya kila mtu kukitamani. Kwa imani hiyo, vijana wa mwambao, kuanzia Unguja hadi delta ya Rufiji, siku hizi huletewa katika simu zao vipande vya televisheni ya Marekani ya miaka ya sabini: wanaume wazima ndani ya suruali za kubana, mashuka ya rangi yakining'inia mabegani, wakirusha ngumi zisizomgusa mtu. Huambiwa wacheke. Tena huambiwa waione ile kuwa ni enzi ya usafi wa moyo iliyopotea, na anayeuliza swali huambiwa hajui mzaha. Swali lenyewe, hata hivyo, halina budi kuulizwa, nalo ni hili: anayecheka ni nani, na anadaiwa nini na yule anayechekwa?

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 18 na 25 Januari 1979, shirika la NBC la Marekani lilionesha vipindi viwili vilivyotengenezwa na kampuni ya Hanna-Barbera kwa jina la Legends of the Superheroes. Adam West na Burt Ward, waliopata umaarufu katika miaka ya sitini kwa kuwaigiza Batman na Robin, walirudishwa katika mavazi yao ya zamani. Pamoja nao waliletwa Flash, Green Lantern, Hawkman, Captain Marvel, Black Canary na Huntress. Kipindi cha kwanza kilikuwa na kisa cha kulitafuta bomu. Cha pili hakikuwa na kisa hata kidogo: kilikuwa ni karamu ya kutaniana, mfawidhi wake Ed McMahon, ambamo maadui na jamaa wa mashujaa walipanda jukwaani mmoja baada ya mwengine kuwakejeli. Hata vicheko vilivyosikika havikuwa vya watu waliokuwapo. Vilikuwa vimerekodiwa mahali pengine na kubandikwa.

Haki itendeke kwanza. Kipindi hicho hakistahili kulaaniwa kwa sababu ya ufukara wa mapambo yake. Hata jukwaa la skuli lenye mbalamwezi ya karatasi huweza kubeba mashairi mazito. Adam West, kwa upande wake, alikuwa na kipaji adimu: alijua kuuvaa upuuzi kwa heshima, akatamka maneno ya kijinga kwa sauti ya kadhi. Anayemcheka hamuonei, kwa kuwa mwenyewe amekaribisha kicheko na ana cheo kinachomlinda. Kesho yake ataamka akiwa bado Batman.

Taabu inaanza katikati ya karamu ya pili, pale anapotokea mtu mweusi. Mashujaa wote walioalikwa kutoka katika vitabu vya picha walikuwa weupe. Huyu hakutoka katika kitabu chochote. Alibuniwa kwa ajili ya jioni ile, akapewa jina la Ghetto Man, yaani Mtu wa Mtaa wa Mafukara. Aliigizwa na Brad Sanders, na lawama si yake, kwani mwigizaji hula alichopikiwa. Lakini tazama alichopikiwa. Flash amepewa mbio, Green Lantern amepewa pete, Hawkman amepewa mbawa. Ghetto Man amepewa anwani. Uwezo wake ni umasikini wa mtaa wake, na kazi yake ni kusimama mbele ya mashujaa wa kweli na kufanya masihara juu ya kutokuwapo kwa watu kama yeye miongoni mwao. Malalamiko ya haki yamegeuzwa kuwa kichekesho, na kicheko kilichobandikwa kikamfuta.

Watetezi wa kipindi husema kwamba zama zile watu walikuwa hawajui. Walijua. Tangu 1971 vitabu vya picha vilikuwa na John Stewart, msanifu majengo mweusi aliyeivaa pete ileile ya Green Lantern. Mwaka 1977 alitoka Black Lightning, mwalimu wa skuli mwenye kitabu chake mwenyewe, kwa mchapishaji yuleyule wa vitabu vya Batman. Mwaka huohuo Hanna-Barbera wenyewe walimuingiza shujaa mweusi aliyeitwa Black Vulcan katika katuni zao. Watu watatu walikuwa mlangoni, tayari wamevaa. Wenye karamu hawakumkaribisha hata mmoja wao. Wakamtengeneza wa nne ili achekwe. Huko si kutojua. Huko ni kuchagua.

Sasa mtu na aulize watu wa mwambao walikuwa wapi wiki ile. Tarehe 21 na 22 Januari 1979, baina ya kipindi cha kwanza na cha pili, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wa Mutukula katika vita dhidi ya Idi Amin. Habari za vita zilikuwa habari za redio. Unguja, ni kweli, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, jambo ambalo Wazanzibari hawachoki kulisema na wana haki ya kulisema. Lakini Bara ilingoja hadi 1994 ndipo ilipopata kituo chake cha kwanza. Mkulima wa Mtunda, huko ambako leo ni Wilaya ya Kibiti, alikuwa na mpunga wa kupanda kabla ya mto kupanda. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vipya juu ya mkondo wa maji. Msimu wa kilimo ukifika walirudi bondeni, wakakaa madunguni kulinda mashamba yao dhidi ya ndege na nguruwe. Huyo ndiye mtu wa miaka ya sabini wa Rufiji. Anayemwambia mjukuu wake kwamba Batman wa 1979 ni sehemu ya utoto wa ukoo wao anamkabidhi urithi wa nyumba nyengine, na kumtaka akae matanga ya asiyemjua.

Itasemwa kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyenuna, na kwamba Waswahili ni watu wa kucheka. Naam, ni watu wa kucheka, na ndiyo maana wana sheria ya kicheko. Sheria hiyo ni utani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana: huweza kuingia msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akadai deni lisilokuwapo, akazuia jeneza mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Lakini ruhusa hiyo ina gharama yake. Mtani huyohuyo ndiye anayetazamiwa kuhangaika na kazi za msiba, pamoja na kaburi. Kicheko chake kimewekewa rehani ya jasho. Asiyekuwa na wajibu wa kuzika, akija msibani na kucheka, haitwi mtani. Huitwa fedhuli na hutolewa nje.

Kipindi kile cha Marekani nacho kilikuwa ni utani, na baina ya mashujaa weupe sheria ilitimizwa: waliochekana walikuwa wa nyumba moja, na kila mmoja alikuwa na nafasi yake ya kurudi. Kwa Ghetto Man sheria haikuwapo. Nyumba ile ilimcheka bila ya kuwa na deni lake.

Jambo hili linawahusu watu wa Rufiji kuliko wanavyodhani, maana bonde lao lina shujaa aliyechekwa hivyohivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kama wazee walivyowasimulia watafiti Gilbert Gwassa na John Iliffe, mwaka 1904 aliingia katika dimbwi la mto akapotea. Kesho yake akatoka, nguo zake kavu. Aliwapa watu maji ya kuigeuza risasi, na chini ya maji hayo makabila yaliyokuwa hayajawahi kupigana bega kwa bega yakapigana. Wapiganaji waliing'oa pamba ya kulazimishwa mwishoni mwa Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, katika bonde hilihili la Rufiji ya chini lenye Mtunda. Vita viliendelea hadi 1907. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa; Gwassa alikadiria baina ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Kisha kikaja kicheko. Tazameni, wakasema washindi, watu waliodhani maji yatazuia bunduki! Kicheko hicho kiliingia vitabuni, kikaingia madarasani, na mpaka leo wapo watoto wanaolisikia neno maji likitajwa katika somo la historia wakatabasamu kwa aibu. Aliyecheka kwanza hakuzika hata mmoja katika wale waliokufa. Yeye ndiye aliyewaua. Ebrahim Hussein aliliona jambo hili katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969. Shujaa wake, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwani anajua neno hilo litakavyotumiwa kuwaambia watoto wa baadaye kwamba hata kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Wanaochukulia mzaha wa kuazima kuwa jambo jepesi wairudie tamthilia ile.

Lipo kundi jengine, na hili lina nia njema. Tangu filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, limekuwa likitaka Mswahili naye apate shujaa mwenye shuka mabegani: Kinjikitile mwenye misuli, Kinjikitile ambaye maji yake yanageuza risasi kwelikweli. Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Ikiwa maji yalifanya kazi, waliolala chini ya ardhi ya Umatumbi na Rufiji walikufa kwa nini? Shujaa asiyeweza kushindwa anawaibia wafu kifo chao. Washairi wa pwani hawakuwahi kufanya hivyo. Fumo Liyongo alikuwa na nguvu zilizopita kiasi, lakini hakuna aliyethubutu kumuokoa na sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Utenzi wake unasomwa mpaka leo kwa sababu sindano ile imo.

Kwa hivyo hakuna anayewakataza vijana wa Mtunda kucheka, wala kumcheka Kinjikitile. Wao wana haki hiyo kuliko mtu yeyote, maana makaburi ni ya kwao. Na watunge kichekesho juu ya mganga aliyetoka mtoni na nguo kavu katika bonde ambamo kila mwaka wa mafuriko, na ule wa 2024 ukiwa miongoni mwao, hakuna aliyetoka na nguo kavu. Wamuulize siri yake. Wamdai maji mengine, au wamuombe ayapunguze. Huo utakuwa utani wa watu wenye jembe mkononi, na Kinjikitile hatavunjiwa heshima.

Na Brad Sanders akionekana tena simuni, amesimama peke yake mbele ya mashujaa wale waliokaa, mtazamaji wa mwambao asikimbilie kucheka pale kicheko kilichobandikwa kinapomuamuru. Mtu yule hakuwa na mtani hata mmoja ukumbini. Huenda mtu wa Rufiji, ambaye naye alichekwa na wasiomzikia, akafaa kuwa wa kwanza.