Waraka: Jeep za Spoti Zisituvunjie Chama

Kwa: wanachama wote wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, Lubunga.

Kuhusu: ugomvi wa magari ya chini na jeep za spoti.

Ndugu wanachama,

Mkutano wetu uliopita haukufungwa; ulivunjika. Mliokuwepo mnajua sababu. Ndugu mmoja alibandika ukutani picha ya Lamborghini Urus kando ya ile ya Countach, mwingine akainuka akaibandua, na kabla chai haijapoa tukawa makundi mawili. Kundi la kwanza linasema gari la spoti ni la chini, lina milango miwili, na anayeliinua amelichafua. Kundi la pili linajibu kwamba apendaye gari lisiloweza kufika hata Bafwasende anapenda picha, hapendi gari. Tangu siku hiyo wapo waliosimamisha michango, na wapo wanaosema watafungua chama chao. Naandika kuwaomba msifanye hivyo, na kuwaeleza kwa nini naona ugomvi huu tumeuazima kwa watu wa mbali bila kuukagua, kama tunavyokagua gari lolote kabla ya kulinunua.

Nianze na dai la usaliti, kwa kuwa ndilo lililopigiwa kelele zaidi. Wanaosema Porsche ilijiuza mwaka 2002 ilipotoa Cayenne wanarudia kilio kilichoanza Ulaya na Marekani wakati uleule. Kilio hicho kina haki ya kusikilizwa: mtu aliyeipenda 911 tangu utotoni alionyeshwa gari refu la familia, lililoundwa pamoja na Touareg ya Volkswagen, akaambiwa hii nayo ni Porsche. Lakini tazameni hali ya kiwanda chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Porsche ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Boxster ya 1996 iliipa pumzi, Cayenne ikaipa mtaji. Mwaka 2023 iliwakabidhi wateja magari zaidi ya 320,000, na zaidi ya nusu yalikuwa Cayenne na mdogo wake Macan. 911 zilikuwa kama 50,000 tu. Anayeilaani Cayenne na kuisujudia 911 ajiulize ni nani anayelipa mishahara ya wahandisi wa hiyo 911.

Kwa Lamborghini hoja ya usaliti ni dhaifu zaidi. Kabla ya Urus kulikuwa na LM002, jeep iliyotengenezwa kuanzia 1986 hadi 1993, ikabebeshwa injini ya V12 ya Countach, ileile tunayoitundika ukutani kwa heshima. Zilitengenezwa kama 300 tu. Kwa hiyo asemaye jeep iliingia kwa mlango wa nyuma haijui historia ya nyumba anayoitetea. Urus ilizinduliwa Desemba 2017. Mwaka huo kiwanda kiliuza magari yasiyofika 4,000. Mwaka 2023 kilivuka 10,000 kwa mara ya kwanza, na zaidi ya nusu yalikuwa Urus. Hata Ferrari imefika huko. Aliyekuwa mkuu wake, Sergio Marchionne, aliwahi kusema mwaka 2016 kwamba ingebidi apigwe risasi kwanza ndipo Ferrari itengeneze jeep. Yeye mwenyewe aligeuza msimamo kabla ya kufariki Julai 2018, na Septemba 2022 Purosangue ikatoka: milango minne, V12 ya lita 6.5, nguvu ya farasi 725. Wenyewe hawataki iitwe jeep. Na waiite watakavyo.

Sasa niwageukie ndugu wa kundi la pili, maana nimewaona mnatabasamu. Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa magari ya chini wana haki nalo kabisa, nanyi mmelicheka bure: uzito, na mahali uzito huo ulipokaa. Urus ina karibu tani 2.2. 911 Carrera ina tani moja na nusu hivi. Mwendesha toleka yeyote wa mji huu anajua kwamba baiskeli iliyofungwa mkungu juu kabisa haikati kona kama iliyofungwa mkungu huohuo chini, karibu na ekseli. Kiwanda kinaweza kukishinda kimo hicho kwa muda, kwa springi za hewa, kwa mota za umeme zinazozuia bodi isilale kwenye kona, kwa magurudumu ya nyuma yanayogeuka kidogo, na kwa diski za breki za mbele zenye kipenyo cha milimita 440, ambazo kwa wengi wetu zingekuwa kubwa kuliko rimu nzima ya gari la nyumbani. Ila kila dawa ya aina hiyo inaongeza uzito mwingine, bei nyingine, na kitu kingine cha kuharibika. Gari jepesi halihitaji dawa hizo. Hilo si wivu wala ushamba wa wazee. Ni hesabu, na nawaomba mliheshimu.

Wakati Ulaya wanabishana iwapo gari la spoti linaweza kuinuliwa likabaki la spoti, majirani zetu wa mashariki walikwisha kulijibu swali hilo zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kwenye vumbi na tope. Mashindano ya Safari yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z. Hilo ni gari la spoti halisi: boneti ndefu, viti viwili, silinda sita katika mstari mmoja. Halikuzaliwa kwa ajili ya tope. Mwaka 1973 likashinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika mashindano ambayo yeye na Harry Källström, naye akiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa; Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikaa muda mrefu zaidi bila kuadhibiwa. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mpaka leo hakuna aliyeshinda Safari mara nyingi kuliko yeye. Vijana wetu wanaokariri majina ya madereva wa Formula 1 ningependa walijue na hili.

Porsche nao walikuja. Mwaka 1978 walileta 911 SC mbili zilizoinuliwa hadi tumbo likawa sentimita 28 kutoka ardhini, na bamba la kinga chini yake. Vic Preston Jr. wa Kenya alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa Sweden akawa wa nne. Ushindi ukaenda kwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 Coupé. Safari ya zamani Porsche hawakuwahi kuishinda. Hata hivyo, mwaka 1984 René Metge aliichukua 911 yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne akashinda mbio za Paris–Dakar, mbele ya jeep zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na 1986 akarudia kwa 959. Naye Waldegård, akiwa na miaka 68, alirudi Kenya mwaka 2011 akashinda Safari ya magari ya kale kwa 911, mwanawe Mathias akimsomea njia. Mwishoni mwa 2022 kiwanda chenyewe kikatangaza 911 Dakar, gari la chini lililopandishwa juu kwa makusudi, 2,500 tu.

Na jeep? Zimetembea njia ya kinyume. Cayenne ya kwanza ilikuwa na gia ya kutambaa, ile ya kushuka korongo na kujitoa kwenye tope. Mwaka 2010 kizazi cha pili kikaitoa, gari likapungua uzito kwa zaidi ya kilo 150, likawa jepesi zaidi kwenye lami. Wale waliokuwa wakiilaani walisikilizwa! Mwaka 2021 Cayenne Turbo GT ilizunguka Nürburgring, kilomita 20.8, kwa dakika 7 na sekunde 39 hivi, mwendo ambao magari mengi ya chini ya miaka ya nyuma hayakuufikia. Hivyo 911 inapanda, Cayenne inashuka, nasi huku Kisangani tunarushiana maneno kana kwamba kati yao kuna ukuta.

Swali letu sisi ni jingine, nalo katika mkutano ule halikuulizwa na yeyote. Magari haya yakifika hapa, yanakuwa nini?

Mnaijua barabara ya mashariki: Bafwasende, Nia-Nia, Komanda. Mvua ikinyesha, lori likazama, linalofuata linazama kando yake, na mashimo yanachimbwa na magurudumu yenyewe. Waliofanya ule msafara wa Citroën wa 1924 na 1925, uliopita mji huu ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, hawakuyaamini magurudumu peke yake. Magari yao nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira. Leo jeep ya fahari inaletwa juu ya boti kutoka Kinshasa, au inatoka Mombasa kwa kupitia Uganda, usukani ukiwa upande wa kulia. Inafika ikiwa imechoka. Ikiwa ni Cayenne ya zamani yenye V8 ya lita 4.5, mafundi wa dunia nzima wanajua kwamba mabomba yake ya maji ya plastiki yaliyofichwa katikati ya injini hupasuka, na kwamba beringi inayoshika katikati ya kadani huchoka. Springi za hewa zinapenda barabara safi. Injini za turbo zinadai petroli nzuri, nasi wengi tunamtegemea kadafi wa pembeni mwa barabara na chupa zake, ambazo hakuna ajuaye kilichochanganywa ndani. Kuhusu tairi la inchi 22 lenye ubavu mwembamba, ulizeni madukani Makiso, kisha mje mniambie mlijibiwa nini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Jeep ya spoti si msaliti, wala si jeep. Ni gari la spoti lenye viti vya juu, lililotengenezwa kwa lami nzuri na petroli nzuri. Anayeipenda kwa uhandisi wake ana sababu, maana ni kazi kubwa. Anayeinunua akidhani itamfikisha Nia-Nia ametupa pesa, na sisi tuliokaa kimya alipokuwa akiinunua tumemkosea. Kwa safari ile kuna Land Cruiser ya kazi, springi za chuma, injini ya dizeli isiyokuwa na maringo. Hilo kila dereva wa shirika na kila mfanyabiashara wa kahawa analijua, hata kama gari lenyewe halitabandikwa ukutani na mtu.

Kutokana na hayo, ninawasihi mambo kadhaa.

Matusi yakome. Kumwita mwenzako mshamba kwa sababu ya gari ambalo wewe wala yeye hamjawahi kuligusa ni aibu kwa watu wazima. Wengi wetu tunayajua magari haya kwa picha, video na simulizi za ndugu walioko Dubai au Ubelgiji. Hakuna ubaya, lakini mtu aseme wazi kwamba hivyo ndivyo anavyoyajua. Aliyewahi kuendesha aseme ameendesha. Asiyewahi asituambie usukani wake ni mzito au mwepesi.

Mafundi wapewe neno kwanza. Tunao wanachama ambao kila siku mikono yao imo ndani ya injini, nao mkutanoni hukaa nyuma wakisikiliza vijana wakitaja idadi ya farasi. Kuanzia sasa, gari lolote likijadiliwa, fundi aeleze kabla ya wengine: linavunjika wapi, kipuri kinatoka wapi, kinachukua muda gani kufika hapa.

Ukutani patakuwa na nafasi kwa Countach, kwa Urus, na kwa Datsun ya Mehta, ambayo nashangaa hatukuitundika tangu mwanzo. Atakayebandua picha ya mwenzake atailipia.

Na wale wachache wenye magari yenye nguvu, nawaambia kama mkubwa wenu: barabara ya Bangboka si ya kushindania. Ile njia ina watoto wa shule, ina toleka zilizobeba mkaa, ina mama wanaovuka na mabeseni kichwani. Gari la tani mbili halisimami kwa sababu wewe umetaka lisimame. Chama hakitamtetea mtu yeyote aliyegonga akiwa anaonyesha mwendo.

Mkutano ujao tutaufanyia garajini kwa mwanachama mwenzetu, siyo ukumbini, ili tufungue boneti badala ya kufungua midomo tu. Mwenye jeep aje nayo, mwenye gari la chini aje nalo, asiye na gari aje na maswali. Mlioandika barua za kujitoa, naomba mzirudishe mifukoni mpaka siku hiyo ipite. Michango iliyosimamishwa ilipwe kwa mhazini kabla ya mkutano. Asiye na uwezo kwa sasa aniambie, tutapanga naye.

Ndugu yenu,
Katibu