NAULI SI SIRI YA MWENYE MASHINE

KUMEZUKA siku hizi mtindo wa baadhi ya wataalamu wetu kudhani kwamba kazi ya kumletea mwananchi chombo kipya cha usafiri inakwisha siku utepe unapokatwa. Reli imetandikwa, mabehewa yamefika, mashine za kusoma kadi zimefungwa mlangoni. Basi, kilichobaki ni mwananchi kujipanga foleni na kulipa. Akiuliza kwa nini nauli ni hii na siyo ile, anaonekana mkorofi. Akiuliza fedha iliyobaki ndani ya kadi yake iko mikononi mwa nani, anaambiwa asome maelezo, na maelezo yenyewe hayapo ukutani. Huu ni urasimu, na kama urasimu mwingine wowote hauna budi kupigwa vita mapema, kabla haujaota mizizi.

Pengine msomaji atashangaa kuona hoja ya treni na kadi za nauli ikitoka Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, mahali ambapo king'ora cha treni hakisikiki. Jibu ni rahisi. Mkoa wetu wa Simiyu unayo stesheni, Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, kwenye reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Na tangu Juni 14, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi huko Fela, Misungwi, kwa ajili ya reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilometa 341, jambo hili si la watu wa Dar es Salaam peke yao. Aidha, mwalimu wa Meatu anayeitwa Dodoma kwa kazi, na mgonjwa wa Meatu anayepelekwa Muhimbili kwa matibabu, wanakutana na mashine hizo tangu sasa. Mwenye busara haezeki nyumba mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Nilipata kusimama katika kituo kimoja cha mjini nikamshuhudia mama mtu mzima, mwenye lafudhi ya kwetu, akiwa ameshika noti yake mkononi. Alikuwa na fedha ya kutosha. Alijua aendako. Lakini hakuwa na kadi, na kijana aliyesimama langoni hakuwa na la kumwambia zaidi ya "kadi, mama, kadi". Nilimwamkia, nikamwita mayu, akanijibu kwa Kisukuma, akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijapata wa kunijibu: "Mwanangu, fedha ya Serikali siku hizi haikubaliki?"

Swali hilo si la mjinga. Ni swali la raia.

NAULI HUTUNGWAJE?

Hebu tuanze na nauli yenyewe, maana anayeelewa nauli hawezi kutishwa na kadi. Mwaka 2024, kabla ya treni ya umeme kuanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni na hadi Dodoma mwezi Julai, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilitangaza kiwango cha Sh. 69.51 kwa kilometa kwa mtu mzima katika daraja la kawaida. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilometa 444. Mtoto wa shule ya msingi akizidisha namba hizo mbili atapata Sh. 30,862 na senti kidogo. Nauli iliyotangazwa ilikuwa Sh. 31,000. Mtoto mwenye umri wa miaka 4 hadi 12 aliwekewa nusu ya kiwango hicho, na aliye chini ya miaka 4 hakutakiwa kulipa.

Je, kuna uchawi hapo? La hasha! Ni hesabu ya kuzidisha. Mkulima wa pamba wa Mwandoya au Kisesa, anayesimama mbele ya mizani kila msimu na kujua papo hapo kama karani amempunja kilo mbili, hashindwi na hesabu hiyo. Kinachomshinda ni kufichwa zile namba mbili: kiwango na umbali. Akipewa bei ya mwisho tu, amenyimwa uwezo wa kukagua.

Iko na namna ya pili ya kutoza nauli, nayo ni nauli moja kwa wote. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalipoanza Mei 2016, njia kuu ilitozwa Sh. 650, njia za pembeni Sh. 400, na aliyeunganisha zote mbili Sh. 800. Aliyepandia Kimara na aliyepandia Magomeni, wote wakielekea Kivukoni, walilipa sawa. Wako waliolalamika kwamba wa Magomeni anaonewa. Lakini tutazame kwa makini: katika miji yetu ni nani anayekaa mbali na katikati ya mji? Kwa kawaida ni mwenye kipato kidogo, aliyesukumwa pembeni na bei ya viwanja na pango la nyumba. Nauli moja, kwa hiyo, ina maana ya wa karibu kumbebea kidogo wa mbali. Hiyo ni haki, mradi ielezwe wazi.

Tusisahau pia kwamba nauli hiyo ya Sh. 650 haikushuka kutoka mbinguni. Mapendekezo ya mwanzo ya mwendeshaji yalikuwa Sh. 1,200 kwa njia kuu. Yalikataliwa, yakajadiliwa upya, na kiwango kikapungua karibu nusu. Funzo lake ni kubwa: nauli ni jambo la umma, linalojadiliwa na watu wanaojua hesabu. Jamii isiyojua hesabu hupangiwa.

KADI NI MKOPO WA ABIRIA

Sasa tuje kwenye kadi. Treni za abiria za mjini Dar es Salaam zilipoanza Oktoba 2012, ile ya Stesheni hadi Ubungo Maziwa na ile ya TAZARA hadi Mwakanga, abiria alinunua tiketi ya karatasi, akapanda, akashuka. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule. Karatasi ile ilikuwa na kasoro zake, foleni na upotevu wa mapato, lakini ilikuwa na sifa moja: abiria alilipia safari anayosafiri leo, si ya kesho.

Kadi inageuza mambo. Abiria anatanguliza fedha kabla ya safari. Kila salio lililolala ndani ya kadi ni mkopo usio na riba kutoka kwa abiria kwenda kwa mwenye mashine. Tuchukue mfano tu: abiria 100,000, kila mmoja akiwa na salio la Sh. 1,000 asilolitumia, wamekopesha shilingi milioni 100. Fedha hiyo iko wapi? Kadi ikipotea, inarudi? Mwendeshaji akibadilishwa, nani analipa? Hili si swali la kubuni. Mabasi yaendayo haraka yaliwahi kutumia kadi; baadaye kadi zikatoweka, tiketi za karatasi zikarudi na foleni zake, kisha kadi zikaletwa upya. Katika kila mageuzi ya namna hiyo abiria anastahili kuambiwa hatima ya salio lake kabla ya kuulizwa kununua kadi nyingine.

Wenzetu wamekwisha pita njia hii. Hong Kong ilianza kadi yake ya Octopus mwaka 1997. Kadi ile ile ikatumika kwenye treni, basi, kivuko na hata dukani. London ilianza kadi ya Oyster mwaka 2003. Huko abiria wa treni za mjini hugusa mashine anapoingia na kugusa tena anapotoka, ili mashine ijue umbali. Akisahau kugusa anapotoka, hutozwa nauli ya juu kabisa. Lakini huko huko kuna ukomo wa siku: ukishafikia kiasi fulani, safari zinazofuata siku hiyo hazikuongezei gharama. Na salio lisilotumika hurudishwa kwa anayelidai. Tunapoiga mashine, tuige na haki zinazofuatana nayo. Kuchukua adhabu na kuacha ukomo ni kuagiza jembe bila mpini.

Majirani zetu nao wana la kutufunza. Kenya iliamuru mwaka 2014 kwamba nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Kadi zilikuwa nyingi, za kampuni mbalimbali, zikishindana; wenye magari na wafanyakazi wao hawakushirikishwa vya kutosha; agizo likafa. Kadi ya BebaPay, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Google pamoja na benki ya Equity, ilifungwa mwaka 2015. Kigali, kwa upande mwingine, kadi moja ilipokubaliwa katika mabasi ya kampuni mbalimbali, watu waliizoea. Tofauti ni ipi? Si akili ya abiria wa Nairobi na wa Kigali. Tofauti ni mpango.

KASUMBA MBILI

Ziko kasumba mbili zinazopaswa kukataliwa kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya bwana mkubwa asemaye kwamba mwananchi wa kijijini hawezi mambo ya kadi. Huyu amesahau historia ya nchi yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Wakachimba vyoo, wakasafisha visima. Na tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, bibi zetu wa Meatu wanapokea fedha kwa simu na kujua makato yake kwa moyo. Watu hawa ndio wasioweza kadi?

Ya pili ni ya wale wanaosema kadi zote ni wizi, turudi kwenye noti na sarafu. Hawa nao wanapotosha. Fedha taslimu inayopita mikono mingi ndiyo iliyofanya mapato ya usafiri wa umma yavuje miaka yote, na mapato yakivuja, gari haliendi matengenezo na abiria ndiye anayesimama kituoni. Kadi iliyopangwa vizuri humlinda abiria na hulinda mali ya umma.

LIFANYIKE NINI?

Kwanza, kila stesheni na kituo kibandike ubao wa nauli kwa Kiswahili sanifu, wenye kiwango, umbali na nauli, pamoja na jina la mamlaka inayopokea malalamiko.

Pili, iwepo kadi moja kwa vyombo vyote vya umma. Nchi yetu tayari inayo N-Card, iliyoanza kutumika katika kivuko cha Kigamboni na viwanja vya mpira. Hakuna sababu ya abiria kubeba mfuko wa kadi kama karata.

Tatu, salio liwe mali ya abiria daima, lirudishwe akilidai, na lihamie naye mwendeshaji anapobadilishwa.

Nne, libaki dirisha moja la fedha taslimu kwa mgeni, mzee na mgonjwa. Lango lisilo na dirisha hilo ni ukuta.

Tano, mashine itoe stakabadhi. Mtumishi wa umma aliyepewa masurufu anadaiwa ushahidi wa kila senti. Atarejesha nini kwa mhasibu, mlio wa mashine?

Jambo la mwisho linawahusu walimu, na sisi wa Meatu hatuhitaji kungoja waraka ili kulianza. Hesabu za kuzidisha na asilimia zinafundishwa kila siku kwa mifano ya maembe na ng'ombe. Ziongezwe nauli. Mtoto wa Mwanhuzi akokotoe nauli ya Malampaka hadi Mwanza, apate salio la kadi baada ya safari tatu, aulize kwa nini mwenye miaka 12 analipa nusu. Jioni atamweleza bibi yake. Reli ikifika, bibi huyo atasimama mbele ya lango akijua anadaiwa kiasi gani na kwa nini, na mashine ikikosea, yeye ndiye atakayeisahihisha.