Akiba ya Ghalani Si Mtaji Uliolala

Wafanyabiashara na wapangaji wengi wa uchumi huamini kwamba mnyororo wa ugavi, yaani mfululizo wa hatua zinazoitoa bidhaa kwa mzalishaji hadi kumfikia mlaji, huwa bora kadiri gharama zake zinavyopungua, na kwamba shehena inayokaa ghalani ni mtaji uliolala. Kasoro ya imani hiyo ni kwamba hesabu yake hupigwa kwa siku za amani tu.

Uganda, isiyo na pwani na inayopitishia Kenya sehemu kubwa ya mafuta yake, imekwishalipia hesabu hiyo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilipofunga barabara, na reli ikang'olewa Kibera jijini Nairobi, mafuta yaliadimika Kampala na bei ikapaa, ilhali matangi ya akiba ya Jinja, yenye uwezo wa lita milioni 30, hayakuweza kuziba pengo. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kupinga vipimo vya lazima vya UVIKO-19 katika mipaka ya Malaba na Busia, na bei ikapaa tena. Mara zote mbili hakuna kisima kilichokauka wala meli iliyozama. Kilichokosekana ni akiba ya kuvukia siku chache.

Watetezi wa imani hiyo huitaja Toyota, mwasisi wa mfumo wa kupokea vipuri pale tu vinapohitajika, lakini husahau kwamba baada ya tetemeko la ardhi la Japani la Machi 2011 kampuni hiyohiyo iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya chipu za kielektroniki. Uhaba wa chipu ulipowabana washindani wake mwanzoni mwa 2021, yenyewe iliendelea kuunda magari, ingawa baadaye mwaka huohuo nayo ililazimika kupunguza uzalishaji.

Haina maana kwamba kila kitu kirundikwe, kwa kuwa mboga huoza na dawa hupitwa na muda; kinachostahili akiba ni kile ambacho kikikosekana vingine vyote husimama. Njia ya pili ya kuingizia bidhaa nayo, kama ile ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kisha Ziwa Victoria hadi Port Bell nchini Uganda, sharti ipitishe shehena hata wakati wa amani, kwa sababu vivuko, mikataba na mawakala wa forodha havipatikani ndani ya wiki moja ya dharura. Gharama inayozidi hapo ni bima, na anayeikwepa haokoi fedha, bali humtwisha mwendesha bodaboda deni atakalolilipa kwenye pampu siku mpaka utakapofungwa.