TAMKO LA TAWI KUHUSU WIKI YA KUPINGA DAWA ZA KULEVYA SHULENI



Wiki iliyopita kundi la wazazi wa Darasa la Nne lilijaa picha: watoto wamevaa utepe kifuani, bango getini, mgeni rasmi, keki. Walipendeza, hatukatai. Lakini Jumatatu hii, wakati wa mapumziko, watoto wawili wa darasa hilohilo wamekutwa na kuberi kwenye mabegi. Waliinunua kibandani, hatua arobaini kutoka kwenye lile bango.

Tunauliza: wiki ile ilikuwa ya nani?

Tuanze na fedha, maana hesabu ndiyo tuliyosomea. Kila mtoto aliambiwa alete shilingi 3,000. Wanafunzi ni 612, kwa hiyo ni shilingi 1,836,000. Tangu Januari 2016 tunaambiwa elimu ni bila malipo, na ruzuku iliyopangwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Siku tano za muziki na fulana za wageni zimedai karibu theluthi ya kiasi hicho kutoka mifukoni mwetu, na ambaye hakuwa nayo mtoto wake alirudishwa nyumbani. Tumeomba mchanganuo kwa maandishi. Tumejibiwa kwa mdomo kwamba "zimetumika zote". Hata mama wa genge ana daftari!

Wanaosema tunapinga elimu ya dawa za kulevya wanatusingizia. Tunapinga maonesho. Marekani walianza mwaka 1983, mjini Los Angeles, kupeleka polisi madarasani kufundisha watoto kukataa dawa, mpango walioupa jina D.A.R.E. Ukaenea nchi nzima. Watafiti walipowafuatilia watoto hao miaka kadhaa baadaye, hawakuona tofauti ya maana kati yao na wenzao wasiofundishwa. Sisi tuna mfano wa nyumbani: viroba. Serikali hii tumeikosoa kwa mengi, ila Machi 1, 2017 ilipovipiga marufuku tuliipongeza, kwa sababu pombe ya kutia mfukoni iliondolewa dukani. Hakuna aliyekata keki.

Kuberi ni tumbaku. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18. Kwa nini mgeni rasmi alipita mbele ya kibanda kile na gari lake halikusimama?

Na tuliseme wenyewe kabla wengine hawajatusemea: mwenye kibanda ni mwanachama wetu, kadi anayo. Tumemwita mbele ya Kamati. Akiendelea kuuza, tutamfikisha kituoni sisi wenyewe, na kadi atairudisha.

Wale watoto wawili wasifukuzwe shule. Wana miaka kumi. Wapewe mwalimu wa kukaa nao mara kwa mara mpaka mwisho wa mwaka, na wazazi wao waitwe kwa heshima, si kwa kuanikwa kwenye kundi kama ilivyofanyika juzi usiku. Aliyetuma picha ile aifute leo.

Mapato na matumizi ya wiki ile yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule kabla ya Ijumaa. Yasipobandikwa, Jumamosi saa nne asubuhi tukutane ofisi ya tawi, twende pamoja kwa Mtendaji wa Kata. Aliyelipa aje na stakabadhi. Ambaye hakupewa aje vilevile, tutaandika majina.

Imetolewa na Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji