MARADHI HAYAULIZI KABILA

Wako watu miongoni mwetu wasemao kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa wafugaji na vibarua, na kwamba kisukari ni ugonjwa wa Wahindi na wakubwa wa ofisini. Maneno hayo husemwa kwa wepesi, kama mzaha wa barazani. Lakini yapo makaburi yaliyochimbwa kwa sababu ya mzaha wa namna hiyo, kwani mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ugonjwa fulani si wa kabila lake haendi kupimwa ugonjwa huo.

Wilaya ya Kilosa ingefaa kuwa ya kwanza kuyakataa maneno hayo. Hapa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wamewapokea wageni kwa vizazi vingi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yaliwaleta Wanyamwezi, Wabena na Wamakonde. Miwa ya Ruembe na reli ya kati ziliwaongeza wengine. Nao Wamasai na Wabarabaig wakaja na ng'ombe wao. Mikumi, mji ulio kwenye barabara kuu iendayo Zambia, hulaza kila usiku madereva waliotoka mbali. Aidha, wilaya hii yajua gharama ya kuwagawa watu kwa asili zao: mwezi Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 walipoteza maisha katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tusiyafanye maradhi nayo kuwa mpaka mwingine baina yetu.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi magonjwa haya mawili yanavyosaidiana. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamekwisha kuvuta vijidudu vya kifua kikuu na kubaki navyo mwilini. Walio wengi hawaumwi wala hawamwambukizi mtu, kwa kuwa askari wa mwili wamevifungia vijidudu hivyo, navyo vimelala. Katika watu 100 wa namna hiyo, ni kati ya watano na 10 tu ambao vijidudu vitaamka siku moja na kuwaletea ugonjwa. Basi kisukari ni miongoni mwa mambo yanayoviamsha. Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, askari wale hulegea, na hatari ya mtu kuugua kifua kikuu huongezeka mara mbili au tatu. Kifua kikuu nacho kikianza hupandisha sukari, na dawa yake mojawapo iliyo kubwa, rifampisini, hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya kisukari.

Hayo hayakuletwa na upepo kutoka ng'ambo. Mwaka 1989 Profesa McLarty, Daktari Swai na wenzao wa Muhimbili walitangaza matokeo ya upimaji wa vijiji sita vya nchi yetu, ambako waliokuwa na kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika 100. Mwaka uliofuata, wataalamu wa kundi hilo hilo walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa kifua kikuu mjini Dar es Salaam kisukari kilikuwa kimeenea mara kadhaa zaidi. Mwaka 2011 ikaja taarifa ya Mwanza: katika wagonjwa 100 wa kifua kikuu, wapatao 17 walikuwa na kisukari, ilhali kati ya majirani zao wasio na kifua kikuu walikuwa tisa tu. Na upimaji wa taifa wa mwaka 2012 uliona kwamba katika watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, tisa wana kisukari. Nani basi athubutu kusema kwamba huu ni ugonjwa wa watu wachache?

Hatusemi kwamba jamii zote zinalingana. Mwaka 1991 Daktari Ramaiya na wenzake walionyesha kwamba kati ya Wahindu wa Dar es Salaam karibu mtu mmoja katika 10 alikuwa na kisukari. Lakini yaliyomo katika taarifa hiyo ni mafunzo makubwa zaidi: jamii za Wahindu wenyewe kwa wenyewe zilitofautiana sana. Damu ya ukoo ina sehemu yake, lakini chakula, kazi, unene na umri vina sehemu yao pia, na hivyo hubadilika. Mkulima aliyeacha jembe akashika usukani, akala chipsi na soda njiani, amekwisha kubadili hali yake bila ya kubadili kabila. Huko India, na katika mpaka wa Mexico na Texas, ambako watu wana asili nyingine kabisa, magonjwa haya mawili yameonekana yakifuatana vile vile.

Tuchukue mfano wa mkata miwa anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, anayetoka jasho usiku na kukonda. Akipimwa akaonekana ana kifua kikuu, hupewa dawa bila ya malipo kwa miezi sita. Lakini asipopimwa sukari, huenda akameza dawa zote hizo na bado akadhoofika, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Kukonda ni dalili ya magonjwa yote mawili. Anayetafuta moja tu hupata nusu ya ukweli.

Nchi yetu haikosi uwezo wa kulitengeneza jambo hili. Mpango wetu wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa Daktari Styblo, ulipata kuwa kielelezo kwa dunia nzima. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila mgonjwa wa kifua kikuu apimwe sukari, na kila mgonjwa wa kisukari aulizwe habari za kikohozi, homa na kukonda. Tone moja la damu ya kidole na maswali machache, basi. Tunataka agizo hilo litimizwe katika kila zahanati ya Kilosa na Mikumi, na halmashauri ihakikishe kwamba vipimo havikosekani. Tena, maadamu mgonjwa wa kisukari aghalabu hujinunulia dawa, madiwani wasione haya kulizungumza jambo hilo wanapokaa kugawa fedha.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Hawakuulizana kabila. Mabalozi wa nyumba kumi, maimamu, wachungaji na wazee wa mila wanaweza kuifanya kazi hiyo tena. Kiongozi akimwona jirani anakohoa na kukonda, asiulize ametoka wapi. Amsindikize zahanati, na wasiondoke hapo mpaka vipimo vyote viwili vimefanywa.