ASIYEANDIKWA HAHESABIWI



Siku hizi tunaambiwa kwamba ardhi ya umma itatunzwa kwa kompyuta. Picha za setilaiti zitaonyesha kila kipande, takwimu zitaeleza thamani yake, na hesabu zitasema wapi pajengwe nyumba, wapi paachwe shamba, na wapi ipite barabara. Wakubwa wanasema, "Mashine haina kabila, haili rushwa, haina shemeji ofisini." Maneno matamu hayo. Lakini sisi tuliozoea kupimiwa debe na watu wengine twajua kwamba kabla ya kuusifu mzani, yafaa kumtazama anayeushika.

Kwanza tuseme kweli. Sisi si adui wa hesabu. Mtindo wa zamani uliwaibia wananchi. Mwaka 2003 Serikali iliunda tume chini ya Bwana Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma. Ripoti yake ya 2004 ilionyesha kwamba hati karibu 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Viwanja vya shule, masoko, misitu na akiba za barabara vikawa mali ya watu binafsi. Kazi hiyo haikufanywa na mashine. Ilifanywa kwa kalamu, na kwa faili linalopotea siku linapotakiwa. Kwa hiyo Sheria ya Ardhi ya 2012 ilipoiamuru Tume ya Taifa ya Ardhi iandike ardhi yote ya umma katika daftari, kila kipande na mahali pake juu ya ramani, ilikuwa amri njema. Na mfumo wa Ardhisasa ulipofunguliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi, ilikuwa hatua ya mbele. Hatuombi turudishiwe faili la vumbi.

Shauri letu ni jingine. Hesabu za mipango, kubwa au ndogo, hufuata agizo. Tuchukue mfano wa kazi yetu wenyewe. Karani wa shamba ana malori matatu, na wachumaji wako sehemu tano. Akiambiwa, "Punguza mafuta ya lori," atapanga safari kwa njia moja. Akiambiwa, "Mchumaji asisubiri juani na madebe yake zaidi ya nusu saa," atapanga kwa njia nyingine. Malori ni yale yale, kahawa ni ile ile, kompyuta ni ile ile. Kilichobadilika ni agizo. Na agizo halitoki ndani ya mashine. Latoka kinywani mwa mtu.

Sasa ikiwa agizo juu ya ardhi ya umma ni "tafuta bei kubwa kabisa kwa kila ekari", hapa kwetu jibu lajulikana kabla mashine haijawashwa. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, magorofa yanaifuata kama nzi wanavyofuata sukari. Kwa hesabu hiyo, kahawa itashindwa, kiwanja cha mpira kitashindwa, na kambi ya wafanya kazi itashindwa kabla ya wote.

Tazameni kituo cha utafiti wa kahawa pale Ruiru, ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la umma. Mwaka 1985 kilitoa aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Mkulima mdogo aliyeipanda alipunguziwa gharama ya dawa. Je, faida hiyo imeandikwa wapi katika bei ya kiwanja? Haimo. Hesabu inayotazama bei ya kiwanja peke yake itakiona kituo kama hicho kuwa hasara, wala haitakuwa imekosea kujumlisha. Itakuwa imejibu swali baya kwa usahihi.

Jambo hili limekwisha tokea kwingine. Katika miaka ya 1980 idara ya misitu ya Marekani ilipanga misitu ya taifa kwa programu iitwayo FORPLAN. Mbao zilikuwa na bei, zikahesabika vyema. Maji, wanyama na uzuri wa msitu vilikuwa vigumu kutiwa bei. Wananchi wakalalamika kwamba hesabu zile zilikuwa kama sanduku lililofungwa: jibu laonekana, njia ya kulifikia haionekani. Mabishano hayakwisha, na mwishowe chombo hicho kikaachwa. Matajiri wa kompyuta walijifunza kwa gharama kubwa. Kwa nini sisi tulipe tena karo ya somo lile lile?

Liko jambo la pili, nalo ni baya zaidi. Mashine haimjui mtu ambaye hakuandikwa. Wazee wetu walionja dawa hii. Sheria za ardhi za mkoloni za 1902 na 1915 ziliifanya ardhi kuwa ya Mfalme. Ile ya 1915 ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999, na Mwafrika akakaa kwa hisani tu. Kwenye ramani palionekana patupu. Watu walikuwapo, mashamba yalikuwapo, makaburi yalikuwapo. Ramani haikusema.

Hivi karibuni wenzetu wa shamba moja walionyeshwa ramani mpya na bwana mmoja wa mipango. Kambi yao, yenye nyumba za mawe, bomba la maji na watoto wanaokwenda shule, ilikuwa imepakwa rangi ya ardhi isiyotumika. Walipouliza sababu, wakaambiwa picha ilipigwa toka juu na matawi ya miti yalifunika mapaa. Ndugu, mti uliopandwa na mfanya kazi ili apate kivuli ndio uliomfuta katika daftari!

Na Kiandutu, pale Thika, ataandikwa nani? Mwenye mabati, au mpangaji alalaye chini yake? Wengi wetu ni wapangaji. Daftari likiandika wenye mabati tu, siku ya kugawa sisi tutakuwa hatukuwahi kuishi hapo.

Sheria nayo ina pengo. Katiba ya 2010 ilipunguza mikataba ya wageni isizidi miaka 99. Mikataba ikiisha, ardhi hurudi kwa umma. Hapo kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi chamtaja mwenye mkataba uliokwisha: akiwa raia, na ardhi haihitajiwi kwa kazi ya umma, apewe nafasi ya kwanza. Mfanya kazi aliyezaliwa kambini, aliyezika baba yake hapo, hatajwi. Asiyetajwa na sheria na asiyeandikwa katika daftari, mashine itamwona wapi?

Basi madai yetu ni haya:

1. Daftari la ardhi ya umma liwe wazi kwa mwananchi wa Thika na Ruiru, kwa Kiswahili, bila ada ya kumshinda kibarua.

2. Kabla ya hesabu yo yote, agizo lake litangazwe na lijadiliwe hadharani. Makao ya watu, maji na kazi viwe mipaka ambayo hesabu haiwezi kuvuka, visiwe bidhaa za kupimwa kwa shilingi.

3. Kambi na wapangaji waandikwe kwa kutembelewa kwa miguu, si kwa picha ya angani peke yake.

4. Uamuzi utiwe sahihi na mtu mwenye jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo zito. Na hapana jambo zito kuliko kuhamishwa.

Lakini tusikae kungoja. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yailazimu ofisi ya umma kujibu ombi la raia ndani ya siku 21. Matawi yaandike maombi sasa: ardhi tunayokaa imeandikwaje? Na kila kambi ichague watu wawili, mmoja mama na mmoja kijana, wahesabu nyumba, mabomba, watoto, miti na makaburi, kisha walete orodha kwa katibu wa tawi. Penseli na daftari la shule vyatosha. Siku wakija na ramani yao, sisi nasi tuwe na yetu mkononi.

Wasituambie mashine imesema. Mashine husema ilichoambiwa. Na sisi tuambie!

Umoja ni nguvu.