Sitara Isiyo Sawa

Mwaka 1934 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu ya Tarzan and His Mate, ambayo ndani yake mna kipande kifupi cha mke wa Tarzan akiogelea chini ya maji uchi wa mnyama, ijapokuwa aliyeogelea hasa hakuwa Maureen O'Sullivan, mwigizaji wake, bali Josephine McKim, mwogeleaji wa Olimpiki. Afisi ya Joseph Breen, iliyokabidhiwa amana ya kulinda adabu katika sinema, iliamuru kikatwe, na miaka hamsini na zaidi ikapita kabla hakijarudishwa mahali pake. Leo kinatazamwa bila ya mtu kushtuka, na aghalabu husemwa kwamba haya imekwisha duniani. Mimi siafiki, naona haya ingalipo, ila imehama mahali ilipokuwa imekaa.

Mkasi ule haukuwa na insafu hata siku moja. Kampuni ile ile ilikuwa imekwisha kutoa Trader Horn mwaka 1931, ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mabaki ya picha zake yakatiwa katika Tarzan ya mwaka 1932. Humo wanawake wa Kiafrika walionyeshwa vifua wazi mbele ya watazamaji wale wale waliohofiwa kuharibika kwa kumwona mzungu mmoja majini; na baadaye kanuni yenyewe ya sinema ikaandika ruhusa mahsusi kwa picha za wenyeji wa nchi za mbali zilizopigwa kwao. Kwa wanawake wale vazi lao lilikuwa la heshima. Kamera ndiyo iliyolifanya tamasha. Basi kilichostiriwa hakikuwa mwili wa binadamu, bali daraja ya mwenye mwili huo.

Wala mzungu naye hakusalimika. Edwina Booth, aliyeigiza katika Trader Horn, alirudi kwao mgonjwa, akaishitaki kampuni kwa kumweka juani katika mavazi haba, na daawa ikaishia kwa suluhu nje ya mahakama. Katika zama zile kisa chake kilihesabiwa kuwa ajali ya safari. Sisi tunakiona kuwa kiini cha mambo, maana siku hizi, kabla mwigizaji hajavua nguo, huulizwa kwanza kama ameridhia, na aghalabu huwapo msimamizi wa kuchunga ahadi aliyopewa.

Kwa sababu hiyo sioni maslahi ya kuzikata upya filamu hizi, kwani kuzikata ni kuificha dhuluma pamoja na uchi. Zionyeshwe nzima, kwa watu wazima, na mwenye kuzionyesha atangulize maelezo ya nani alivuliwa, nani alistiriwa, na nani hakuulizwa kabisa.